Kutoka Ipogolo hadi Kizimkazi: siku nne za kukizunguka kisiwa na wifi yetu



Mabibi harusi wengi mmekuwa mkituuliza swali moja: fungate ikiisha, au hata ikiwa bado inaendelea, twende wapi kutembea ili turudi na kitu cha kusimulia, siyo picha za ufukweni peke yake? Leo tunajibu kwa kisa cha nyumbani kwetu.

Kaka yetu ameoa Ipogolo. Kwa wasiopajua, Ipogolo ni pale chini kabla hujapanda mlima kuingia mjini Iringa. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo hapo, malori hayalali, na Mto Ruaha Mdogo unateremka pembeni. Sisi tulikwenda na mabaibui yetu mepesi ya Unguja tukidhani tumejiandaa. Usiku wa kwanza tuliazimwa masweta na kila mmoja akapewa blanketi la ziada. Tukajifunza kusema "kamwene" kwa wakubwa, tukacheka wenyewe kwa matamshi yetu, na nikaha ikapita salama, alhamdulillah.

Usiku wa pili baada ya nikaha tulikaa jikoni na wifi yetu kuzunguka jiko la mkaa. Hapo ndipo safari hii ilipopangwa, ikachanwa, ikapangwa tena.

Alikotaka kwenda kwanza

Wifi yetu alikuwa na picha kwenye simu yake. Zilikuwa za Kupro, kile kisiwa cha Bahari ya Mediterania ambacho wengi hukiita Saiprasi. Tulidhani ni mambo ya hoteli, kumbe siyo. Alikuwa amehifadhi picha ya msikiti mdogo wenye kuba, umezungukwa na mitende, kando ya ziwa la chumvi karibu na mji wa Larnaca. Hapo ndipo lilipo kaburi linalonasibishwa na Ummu Haram bint Milhan, radhi za Allah ziwe juu yake.

Kisa chake alikisikia darasani tangu akiwa mdogo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alilala nyumbani kwa Ummu Haram akaamka anacheka. Alipoulizwa, akaeleza kuwa ameonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao. Ummu Haram akaomba aombewe awe miongoni mwao, akaombewa. Miaka ikapita. Katika ukhalifa wa Uthman, mnamo mwaka wa 28 Hijria, msafara wa kwanza wa baharini ulikwenda Kupro, naye akatoka pamoja na mumewe, Ubada bin As-Samit. Baada ya kushuka chomboni akaanguka kutoka kwenye mnyama wake, akafariki. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik, aliyekuwa mtoto wa dada yake.

"Mwanamke ametoka na mume wake akavuka bahari, na jina lake linajulikana mpaka leo," wifi akatuambia. "Nilitaka safari yangu ya kwanza na mume wangu iwe kama hiyo."

Kaka yetu alikuwa ameshapiga hesabu. Nauli ya ndege peke yake ingekula fedha ya kuezekea nyumba. Wifi hakununa. Alisema tu, "Basi mawifi zangu, nionyesheni kisiwa chenu kama ambavyo ningeonyeshwa Kupro."

Mpango wa kwanza

Tukachukua daftari la shule la mtoto wa nyumba ile, tukaandika haraka haraka kama watu wanaojua: Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe, magofu ya Mtoni, hamamu za Kidichi, mashamba ya viungo, halafu siku mbili Nungwi. Tukamsomea. Akafurahi.

Bibi yake alikuwa amekaa pembeni, anapukuchua maharage kwenye ungo. Alikuwa kimya muda wote, mpaka tulipomaliza kusoma.

"Wajukuu zangu, na wale waliopelekwa huko wamefungwa, huyu mtamwonyesha wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Akatueleza kwamba bibi yake yeye alikuwa akiwakataza watoto kwenda mbali na nyumba wakati wa jioni, na sababu aliyoitoa haikuwa chui. Alisema zamani watu walikuwa wanachukuliwa, wanapelekwa pwani, na aliyepelekwa pwani hakurudi. Kwa watoto wa wakati ule, pwani ilikuwa neno la kutishia.

"Sisemi asiende," bibi akasema. "Mume wake ni wa huko, atakwenda. Nasema msimwonyeshe majumba tu."

Tutasema ukweli, wapendwa. Tuliona aibu. Sisi tumezaliwa kisiwani, tunayajua majumba ya masultani kwa majina na miaka. Ile habari nyingine tunaijua pia, lakini nyumbani kwetu huzungumzwa kwa sauti ya chini. Katika familia nyingi za Unguja, ukirudi nyuma vizazi vinne au vitano unamkuta bwana na unamkuta mtumwa, wakati mwingine ndani ya ukoo mmoja. Hakuna anayependa kuuliza yeye ametokea upande gani.

Tukachana ukurasa, tukaanza upya.

Barabara yenyewe ni sehemu ya ziara

Kwanza tuliandika kwamba historia haianzii bandarini. Wifi yetu anatoka nchi yenye historia yake, na asiingie kisiwani kama mtu asiye na kwao. Kalenga, kilomita chache kutoka mjini Iringa, ndiyo iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Hapo pana makumbusho yenye fuvu lake, lililochukuliwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954. Na kwenye barabara hii hii ya kuelekea Dar es Salaam ndipo palipo Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani na kamanda wao Zelewski akauawa. Wifi alipita hapo mara nyingi akienda Ilula kununua nyanya na hakuwahi kusimama. Safari hii walisimama.

Ukitoka Ilula unateremka Kitonga, milima upande mmoja na bonde upande mwingine, kisha Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu na vitunguu, kisha Mikumi, Morogoro, Chalinze, Dar. Kwa basi ni siku moja. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka bara kwenda pwani ilikwenda kwa miguu, wiki hata miezi, pembe za ndovu kichwani. Si wote waliotembea kwa hiari yao. Watumwa wengi walioletwa Unguja katika karne hiyo walitokea upande wa kusini, kupitia Kilwa, kutoka nchi za nyuma yake hadi Ziwa Nyasa. Vita vya watu wa bara wenyewe kwa wenyewe navyo vilitoa mateka. Bibi alilijua hilo na akalisema mwenyewe, kwamba si kila aliyekamata alitoka pwani.

Siku ya kwanza: Mkunazini na Darajani

Tuliweka Mkunazini siku ya kwanza makusudi, kabla ya jumba lolote.

Hapo palikuwa na soko la watumwa. Mwezi Juni 1873, Sultan Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko likafungwa. Wamishonari wa Kianglikana wakapata kiwanja hicho, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huo huo chini ya Askofu Steere. Leo uwanjani pana shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Pana pia maonyesho ya historia ya utumwa yenye maelezo marefu. Dada anayeona uzito kuingia ndani ya kanisa asijilazimishe. Uwanja na maonyesho vinatosha kabisa kwa asubuhi nzima.

Simameni pale, na sisi Waislamu tusitafute njia ya mkato. Ni kweli dini yetu imehimiza kumwacha mtumwa huru, ikaufanya uwe kafara ya madhambi na ibada kubwa. Ni kweli pia kwamba wengi walionunua na kuuza pale walikuwa wanaswali sala tano. Mambo yote mawili ni ya kweli, na hili la pili halifutwi kwa kulisoma lile la kwanza kwa sauti.

Jambo moja hasa tulitaka wifi alijue kama mwanamke. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, wakati wa Sultan Hamoud bin Mohammed. Lakini haikuwa kwa wote. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani mwenyewe kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri ile. Iliwabidi wasubiri mpaka 1909. Miaka 12 zaidi, na hao walikuwa wanawake.

Kutoka Mkunazini unatembea kidogo tu unafika Darajani. Hapa tulipanga kununua kanga, na hii nayo ni historia. Kabla ya uhuru wao, wanawake wengi watumwa walivaa merikani isiyotiwa rangi, au kaniki ya rangi ya giza. Walipoachwa huru walizitupa nguo hizo wakavaa kanga za rangi na maua, na wengine wakavaa baibui, lililokuwa vazi la wenye nafasi zao. Hivyo doti za kanga ulizotiwa kwenye sanduku, bibi harusi, usizione ni kitambaa cha kufungia mtoto tu. Kuna wanawake waliozivaa ili mtu yeyote akiwaona barabarani ajue kuwa hawana bwana.

Wakati huo huo ndipo alipokua Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, kusini ya mji, mnamo mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Alikuwa akiuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alipofariki mwaka 1950 hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza ni nani. Wifi alipoandika "Mnyamwezi, Mzigua" kwenye daftari alitabasamu. "Kumbe watu wa bara tumo," akasema.

Siku ya pili: Mtoni, Kidichi, Mangapwani

Sasa majumba. Hatukuyaondoa, tuliyaweka mahali pake.

Mtoni ni magofu kando ya bahari, kaskazini kidogo ya mji. Hili lilikuwa jumba la Seyyid Said, sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja na kuieneza mikarafuu kisiwani. Hapo mwaka 1844 alizaliwa Salme, binti yake, aliyezaliwa na suria wa Kicherkesi. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Qur'ani, si kuandika. Salme alijifundisha kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu, na ubao wake ulikuwa mfupa wa bega la ngamia.

Kisa chake kina machungu kwetu. Mwaka 1866 aliondoka kwa siri kwa meli ya kivita ya Kiingereza mpaka Aden, akaacha dini, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na miaka michache baadaye akabaki mjane na watoto wadogo nchi za baridi. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu maisha ya ndani ya majumba haya kimetoka kwake. Lakini ndani ya kitabu hicho hicho anautetea utumwa. Mtoto wa suria, aliyejifunza kalamu kwa siri, hakuwaona waliokuwa wakimpepea. Tulimwambia wifi: msome, mhurumie, na usikubaliane naye pale asipostahili.

Kidichi ni juu kwenye mashamba. Mabibi harusi, hapa mtapapenda. Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Kuta zina nakshi za plasta za Kiajemi, maua na ndege, ambazo huzikuti kwingine Unguja. Hebu fikiria bibi harusi wa mbali, anaoga ndani ya chumba chenye mvuke kilichochorwa maua ya kwao ili asione upweke. Hata hivyo ndoa haikudumu. Waliachana, naye akarudi Uajemi. Mafundi waliweza kumletea maua ya kwao, basi. Somo wako atakuambia mengine.

Njiani mtaona mikarafuu na mtaonyeshwa iliki, mdalasini na vanila. Muulizeni anayewatembeza mashamba yalilimwa na nani. Utajiri wa karafuu ulioifanya Unguja ijulikane duniani ulitoka kwenye mikono ya watu walioletwa kwa nguvu. Halafu endeleeni hadi Mangapwani, kwenye chumba kilichochimbwa ndani ya jiwe chini ya ardhi. Kinaonyeshwa kama mahali pa kuwaficha watumwa biashara ilipokwisha kupigwa marufuku. Ngazi zinateremka gizani. Mwenye pumu au mwenye mimba asiteremke.

Siku ya tatu: kusini, hadi Kizimkazi

Ukiishia kwenye majumba na soko, utadhani kisiwa kilianza karne ya 19. Ndiyo maana siku ya tatu ni ya kusini.

Dunga, katikati ya kisiwa, ni magofu ya nyumba ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa Waunguja wenyewe, aliyekuwepo kabla ya masultani wa Oman na akaendelea kuwepo chini yao. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmed alipofariki mwaka 1873 cheo kikaisha.

Unguja Ukuu ni kijiji cha kawaida cha pwani, lakini chini ya ardhi yake wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mji wa bandari ulioanza karne ya sita au ya saba. Wamekuta vigae vya vyombo vya Ghuba na vya China. Hakuna jengo la kupigia picha. Unasimama kwenye mchanga na mkanyagio wako uko juu ya jikoni za watu waliotangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kisha Kizimkazi Dimbani. Watu wengi huenda Kizimkazi kuangalia pomboo wakapita msikiti bila kugeuza shingo. Kwa nje ni msikiti mdogo wenye paa la bati. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, pana maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, lakini jiwe ni lile lile, na msikiti bado unaswaliwa. Ombeni ruhusa kwa msimamizi, vueni viatu, nyamazisheni simu, msiingie wakati wa jamaa ya wanaume ikiwa hapana nafasi ya wanawake, na toeni sadaka kidogo.

Hapo tulimrudishia wifi Mediterania yake. Huko Malta, kisiwa cha Gozo, kuna jiwe jingine la Kikufi, la mwaka 569 Hijria, yaani 1174. Ni jiwe la kaburi la msichana wa Kiislamu aitwaye Maymuna. Mawe mawili, bahari mbili, herufi za aina moja, na baina yao chini ya miaka 70. La kwetu limetaja jina la sheikh aliyeamrisha msikiti. La kwao limetaja jina la binti wa watu. Safari ya Kupro na Malta bado ipo, insha'Allah, nyumba ikishaezekwa.

Siku ya nne: Mji Mkongwe polepole

Mji Mkongwe tuliuacha mwisho, kwa sababu ukiuanza unakunyang'anya siku zote. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, ya mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, watu wawili wakafariki, na hivyo ulizeni mapema kama inaruhusiwa kuingia au mtaitazama kwa nje.

Inaelezwa kwamba eneo hilo hilo ndilo lililokuwa na nyumba ya Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wakati Waomani walipokuwa wanapigana na Wareno. Alikuwa upande wa Wareno na aliwapelekea chakula walipozingirwa Fort Jesus, Mombasa. Ngome ile ilipoanguka mwaka 1698, naye akashikwa na kupelekwa uhamishoni Maskati, na ilipita miaka mingi ndipo akarudishwa. Alichagua upande ulioshindwa, na pengine ndiyo maana hakuna barabara wala jumba tulilofundishwa utotoni kwa jina lake.

Malizeni jioni Forodhani kwa urojo na juisi ya miwa, lakini swalini Magharibi kwanza. Foleni haina huruma.

Mambo madogo yanayookoa safari

Kitambulisho kiwe kwenye pochi, si kwenye begi lililowekwa chini ya boti. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar inachukua karibu saa mbili. Mwenye kichefuchefu akae sehemu ya chini, katikati, na ale kidogo kabla ya kupanda.

Dada wa bara mnaotoka kwenye baridi: acheni masweta Dar. Leteni baibui jepesi la pamba, ushungi wa ziada, na viatu vya kuvua upesi, kwa kuwa mtavivua sana. Chukueni na kanga moja ya kujitandia popote mtakapotaka kuswali.

Msipange sehemu zaidi ya tatu kwa siku. Jua la saa sita mchana halipiganwi nalo, bora kupumzika na kuswali Adhuhuri kwa utulivu.

Na kuhusu kuzuru makaburi, wanawake wanatofautiana kwa kufuata masheikh wao. Muulize sheikh wako kabla ya safari, usimkosoe mwenzako njiani.

Walivyokwenda

Wifi na kaka yetu walikuja mwezi uliofuata. Alileta kapu kubwa la milulu lililosukwa na bibi, lina maharage ndani, na daftari likiwa juu ya maharage. Siku ya kwanza walikwenda Mkunazini wao wawili. Hatukufuatana nao.

Alitusimulia baadaye kwamba alikaa ukingoni mwa lile shimo muda mrefu, kaka yetu amesimama nyuma yake hajui aseme nini. Yeye ni wa Unguja, wazee wake ni wa hapa hapa, na hajawahi kuuliza. Hatimaye akakaa naye chini. Wifi akatoa simu akampigia bibi Ipogolo.

"Umefika?" bibi akauliza.

"Nimefika. Niko pale ulipouliza."

"Umewataja?"

"Nimewataja, bibi. Ila sikuwa na majina."

Bibi akanyamaza. Nyuma yake malori yalisikika yakipanda mlima. Halafu akauliza kama huko kuna joto, kama mume wake amekula, na kama yale maharage yalifika bila kuharibika.

Jioni ile kaka yetu alikwenda kwa shangazi mkubwa wa ukoo. Alikwenda kuuliza. Alichoambiwa ni cha ukoo wetu, na bado tunakitafakari.

Nanyi wapendwa, kabla hamjapanga safari yenu, kaeni na bibi zenu, wa bara na wa visiwani. Waulizeni walipokuwa watoto walikatazwa kwenda wapi, na kwa nini. Andikeni na majina, kama wanayakumbuka.

Wabillahi tawfiq.